Kitabu cha Kiingereza Kilichokwenda Zhongda

Majina ya watu hayanitoki. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikuwa nakwenda siku ambazo mama hana kazi ya kunipa, lakini mtu akinitajia jina lake mara moja nitakuwa nalo mpaka nizikwe. Wote waliomo humu nawajua kwa jina, la baba na la utani. Siwataji kwa sababu wengine bado tunapanda lifti moja, na lifti za Xiaobei, mtaa wetu huku Uchina, ni ndogo, hakuna pa kujificha.

Nilikuja Guangzhou kumlelea binti yangu watoto. Yeye anasafirisha madera na mapazia, mumewe yuko Dar es Salaam anapokea. Mjukuu wangu mkubwa, ambaye namwita mke mwenzangu kama tunavyotaniana mabibi na wajukuu, alikulia huku. Alisoma na watoto wa Kichina, kwa Kichina, na Kiingereza kilikuwa somo tu kama hesabu. Akafika madarasa yale wanayoyaita shule ya kati, akamaliza darasa la saba, la nane likawa ukingoni. Hapo baba yake akasema basi, arudi nyumbani asome kwao, ajue kwao.

Shule ikapatikana, ya bweni, ya wasichana. Lakini mwalimu mkuu wake alikuwa mtu wa msimamo. Alisema: kwa umri, mtoto huyu ni wa kidato cha pili. Ila sekondari yetu kila somo ni kwa Kiingereza, na mwisho wa kidato cha pili kuna mtihani wa taifa. Sijui Wachina wamemfundisha nini. Ama aanze kidato cha kwanza, ama mnionyeshe, ukurasa kwa ukurasa, kwamba vitabu vyake vya Kiingereza vinakwenda na muhtasari wa serikali yetu.

Mtu mzima angeona hilo dogo. Mwaka mmoja ni nini? Lakini mke mwenzangu alikuwa na binamu yake wa kike, mdogo wake, aliyeanzishwa shule mapema, na yule tayari alikuwa kidato cha pili shuleni hapohapo. Habari zikamfikia siku za likizo, kwenye simu ya mama yake. Akatuma sauti.

"Dada, karibu sana fomu wani. Ndoo na fagio nimekuwekea chini ya kitanda. Sisi wakubwa hatudeki."

Mjukuu wangu aliisikiliza ile sauti mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya ya mtu. "Bibi," akaniambia, "mtoto huyu mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Nitamwamkiaje?"

Nikamwambia, "Utamwamkia kwa adabu, na utadeki." Akaninunia mpaka jioni.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Njombe. Yeye alifundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, kisha akaacha chaki, akawa ananunua nguo kule soko la Liuhua na kuzipeleka Makambako. Kwetu sote ni Mwalimu, hata wabeba mizigo wa Kichina wanamwita Mwalimu wakidhani ndilo jina lake. Alipoisikia habari yetu akaja na muhtasari, ameutoa fotokopi duka la chini, bado una joto la mashine.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Haya, tueleze sisi wajinga."

"Hakuna mjinga hapa, Bibi. Serikali haisemi mtoto asome kitabu gani. Inasema akitoka darasani aweze nini. Aweze kumwelekeza mtu njia, aweze kusimulia jambo lililopita, aweze kueleza sherehe za watu. Sasa sisi tunatafuta kwenye vitabu vya huku ni wapi alifundishwa kuweza hayo."

"Yaani kule wamepima kwa pishi, huku wamepima kwa kapu, tunataka kuona kama mchele ni uleule."

"Hivyo hivyo."

Tukaanza. Mwalimu anasoma muhtasari, mke mwenzangu anafunua vitabu, mimi nakata alama za kubandika, binti yangu akirudi kutoka kwenye mizigo anapika, na wadogo wanafukuzwa mezani. Kwanza alama zilikuwa vile vikaratasi vya rangi vyenye gundi, kila rangi na jambo lake. Lakini ulikuwa msimu ule ambao kuta za Guangzhou zinatoka jasho. Sakafu inalowa bila mtu kumwaga maji, nguo hazikauki, chumvi inakuwa uji. Tukiamka tunavikuta vikaratasi vyote vimebanduka, vimelala chini. Hapo binti yangu akatoa fuko la mabaki ya sampuli zake, satini na shifoni na lesi, akasema kitambaa hakiogopi unyevu. Nikawa nakata vipande vidogo, mjukuu wangu anavibana kwa pini ukingoni mwa ukurasa.

Kijani ni kuelekeza njia. Njano ni kueleza sura na tabia ya mtu. Samawati ni mambo yaliyopita. Zambarau ni sherehe na desturi. Na vingine, maana muhtasari ni mrefu. Baada ya muda vitabu vile vikawa na manyoya kama kuku wa sikukuu.

Mimi Kiingereza sijui, lakini niliwataka wanieleze kila ukurasa una nini, nisikate tu kama mashine. Nikawajua watoto wote wa mle kitabuni. Yupo mwenye miwani, yupo mwenye mbwa, yupo yule msichana anayepotea kila akienda maktaba. Majina yao ninayo mpaka leo, nawajua kuliko baadhi ya wakwe zangu. Asubuhi nilikuwa namuuliza mke mwenzangu, "Yule wa maktaba kafika?" Anasema, "Bado, Bibi, kamuuliza polisi."

Tulibishana sana, na ndio ulikuwa utamu wenyewe. Kulikuwa na ukurasa wa sikukuu yao ya mashua, watu wanapiga makasia na kula wali uliofungwa kwenye majani. Mwalimu akasema weka zambarau.

"Hiyo sherehe?" nikamuuliza. "Ngoma haipo, bwana harusi hayupo?"

"Muhtasari umesema sherehe, Bibi. Haukusema harusi."

"Na pilau?"

"Muhtasari hauli pilau, Bibi. Bana pini."

Lakini ilikuwepo sehemu moja iliyotushinda. Muhtasari ulitaka mtoto asome hadithi za mapokeo, vitendawili na mashairi, kisha asimulie mwenyewe kwa Kiingereza. Tulifunua vitabu vyote, hamna. Mke mwenzangu akasema "meiyo", neno ambalo kila mfanyabiashara wa huku analijua kabla hajajua salamu, maana ndilo wenye maduka wanalokujibu mzigo ukiwa haupo. Mwalimu akaniagiza nikate kitambaa cheupe. Cheupe kikawa ndiyo meiyo.

Mimi nikasema, "Si muweke kile cha mwenye mbwa? Mbwa alipotea, akapatikana, hadithi hiyo."

Mwalimu akavua miwani. "Bibi, tukibandika rangi pasipo na kitu, yule mkuu akifunua tu tumeumbuka, na yale yaliyo kweli hatayaamini tena. Cheupe kikae cheupe."

Nilimwona mjukuu wangu anakitazama kile cheupe kama mtu anavyotazama doa kwenye nguo ya Idi.

Mwalimu mkuu akatupa siku. Atapiga simu ya picha saa nne za nyumbani, ambazo huku ni saa tisa alasiri. Jioni ya kuamkia siku hiyo Mwalimu wetu alivipitia vitabu mara ya mwisho, akavitia kwenye mfuko wa kitambaa, na kwa kuogopa sakafu iliyolowa akautundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango. Kisha akaaga, maana yeye hakai jengo letu.

Hapo ndipo penye kisa. Msumari ule una sheria zake, na Mwalimu hakuzijua. Katika ghorofa yetu kila nyumba ina msumari kama huo. Mfuko ukitundikwa pale ni sampuli za Zhongda, kwenye soko la vitambaa. Yeyote anayekwenda huko siku hiyo anapita mlango kwa mlango, anachukua mifuko, anawatafutia wenziwe vitambaa vinavyofanana na sampuli zao. Haulizi. Akiuliza atachelewa.

Siku hiyo aliyekwenda ni jirani yetu wa Unguja, anayeuza nguo za mabibi harusi. Aliingia asubuhi, mimi niko jikoni nakanda unga.

"Mama, nachukua!"

"Chukua, mwanangu. Mungu akupe wepesi."

Akaenda na Kiingereza chote, na dua yangu juu.

Baada ya sala ya adhuhuri mke mwenzangu akapiga pasi shati la shule, akafuta meza, akaweka kiti mkao wa kutazamana na simu. Akaenda mlangoni.

"Bibi. Mfuko uko wapi?"

Nikautazama msumari mtupu, nikaikumbuka sauti ya asubuhi. Kabla sijamweleza, simu yangu ikalia mlio wa ujumbe. Alikuwa jirani yetu, nyuma yake soko linavuma.

"Mama, mwambie binti yako sampuli zake za leo wallahi nzuri! Ila kazitia kwenye kitabu gani hiki, kina picha za vitoto? Cha kijani nshakipata, laobani keshanikatia jora zima. Hiki cha zambarau ndo kinatusumbua."

Laobani ndivyo tunavyowaita wenye maduka wa huku. Mke mwenzangu alikaa chini pale pale na shati lake la pasi. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha akalia kweli, kisha vyote viwili. Tukampigia jirani, hapokei, sokoni mlio hausikiki. Tukampigia Mwalimu, yuko Liuhua anafunga marobota.

"Mwanangu, usilie," akasema. "Simu ya picha haina nyumba. Nendeni. Ikukute Zhongda, lakini ikukute na kitabu mkononi. Mimi hapa siwezi kutoka."

Binti yangu alikuwa kwa wakala wa mizigo, kwa hiyo tukaenda mimi na mke mwenzangu, kwa treni ya chini. Yeye midomo inatembea, anajisomesha. Mimi nasoma dua zangu. Kijana mmoja wa Kichina akanipisha kiti, nadhani alituona kama watu wanaokwenda hospitali.

Zhongda ni vitambaa mpaka mwisho wa macho, lakini duka la jirani yetu tulilijua, ni lile analonunulia lesi. Tukamkuta amekaa kwenye kigoda cha plastiki, kikombe cha chai mkononi, raha mustarehe. Laobani, mwanamke wa makamo, alikuwa amekifunua kitabu kimoja kwenye kaunta, anasoma huku anatabasamu. Na mbele yake vipande vyetu vyote vimechomolewa, vimepangwa kwenye kioo, kila kimoja kimelala juu ya jora linalofanana nacho.

"Anti!" mjukuu wangu akapiga kelele. "Umevichomoa vyote?"

"Sasa nilinganisheje na vimebanwa pini? Si sampuli hizi?"

"Ni Kiingereza changu, Anti! Cha kwendea kidato cha pili!"

Jirani akakitazama kitabu, akavitazama vitambaa. "Kiingereza cha satini?" akasema. "Mie nimetembea, lakini hiki sijakiona."

Simu ikalia.

Mwalimu mkuu alikuwa na uso mpana na miwani iliyoshuka puani. Aliponiona akaanza na mimi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Watoto wa shule hawajambo?"

"Hawajambo. Mbona naona majora ya vitambaa? Hapo ni nyumbani?"

Mjukuu wangu akaishika simu kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akaanza kumjibu kwa Kiingereza. Kuanzia hapo mimi nikawa kiziwi. Nikamvuta jirani karibu. Yeye Kiingereza anacho, cha kununulia na kugombania.

"Anasemaje?"

"Kaulizwa mbona kitabu kina matundu. Anaeleza zile rangi. Sasa anaeleza kwamba jirani yao kaja kavuruga. Loo! Kanitaja mie, kwa jina langu kamili!"

Mwalimu mkuu akataka kuona ya kijani. Mjukuu wangu akainyakua kutoka juu ya jora, akafunua kitabu bila kutafuta, akaibana mahali pake, kwa yule msichana wa maktaba. Akataka ya njano, ikapata ukurasa wake. Samawati nayo. Laobani akawa anampa pini moja moja kama muuguzi. Halafu mwalimu mkuu akasema neno fupi, na mjukuu wangu akasita.

"Nini?" nikauliza.

"Kasema afunge kitabu."

Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. Lakini mwalimu yule hakukata simu. Alimwambia, kama jirani alivyonitafsiria: nimeona kitabu kinajua, sasa wewe. Nitoe kwenye kituo cha treni mpaka hapo dukani. Mke mwenzangu akatoka nje na simu, anaonyesha kwa mkono, anasema, anarudi.

"Kushoto kwenye lesi," jirani ananinong'oneza, "nyoosha mpaka kwenye vifungo, ngazi usipande, kulia penye mtu wa zipu. Kapatia! Mie mwenyewe hupotea hapo kwa zipu."

Kisha mwalimu mkuu akataka kujua yule mama wa dukani alikuwa anachekea nini kitabuni. Mjukuu wangu akamuuliza laobani kwa Kichina, laobani akacheka na kumwaga maneno, na mtoto akayageuza Kiingereza. Kumbe kijana wa laobani alisoma kitabu kilekile. Alikuwa hakipendi, akakificha ndani ya jora la pamba ili asikisome, na jora likauzwa na kitabu kikiwa ndani, likaenda nchi za watu. Nilimwona mwalimu mkuu akicheka mpaka miwani ikaanguka. Laobani akaniuliza kwa ishara kama na yeye ajiweke vizuri, anaonekana kwenye picha. Nikamwekea kola sawa.

Halafu mjukuu wangu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Akakichukua kile kitambaa cheupe, akakiinua mbele ya simu. Akasema kidogo, akatikisa kichwa. Tafsiri sikuhitaji.

Mwalimu mkuu akazungumza kirefu, uso hauna kicheko tena.

"Anasemaje?" nikamuuliza jirani.

"Subiri, mama."

"Anasemaje wewe?"

"Nyamaza mama, nami nasikiliza!"

Kumbe wa mwisho kuambiwa ndiye mimi, na kwa Kiswahili. "Bibi," mwalimu mkuu akaniita, "nimemwambia hivi. Hicho cheupe ni kikubwa, mtihani utakiuliza. Ningekikuta kimefunikwa ningempeleka kidato cha kwanza leo hii. Ataingia cha pili. Lakini wiki ya kwanza atasimama mbele ya darasa atusimulie hadithi za kwao kwa Kiingereza, na vitendawili juu yake. Akishindwa nitamshusha, na sitamwonea haya."

"Mshushe," nikamjibu. Na nilimaanisha. "Ila hatashuka."

Jirani yangu hakungoja simu ikatike. Alipiga kigelegele kimoja cha Unguja, kile kirefu, na watu wa maduka ya jirani wakatoka mbio kuona nini kimetokea. Mimi nikapokea. Mke mwenzangu alinikumbatia mpaka mtandio ukanivuka. Laobani, maskini, alidhani ndivyo sisi tunavyofunga biashara kubwa. Akashika mkasi, akauliza tunachukua mita ngapi.

Lile jora la kijani tulirudi nalo, maana lilikwishakatwa. Mwalimu alitukuta Xiaobei ameshasafirisha marobota yake, bado ana vumbi la Liuhua. Alipoelezwa lililotokea msumarini alijishika kichwa, kisha akadai aonyeshwe misumari yote ya ghorofa yetu, mmoja mmoja, na sheria zake. Binti yangu naye akaja. Tukaingia kwenye mgahawa wa mtu wa kwetu, jirani akasema leo analipa mwenye makosa, yaani yeye, na asibishiwe.

Mjukuu wangu alikuwa ametuma sauti kwa binamu yake, hakutaka tuisikie. Jibu lilipokuja lilikuwa kicheko kitupu, kirefu, cha mtoto aliyefurahi kuliko alivyokusudia.

Chakula kilipoletwa mimi nikaona tusipoteze muda. Nikaanza hadithi moja ya sungura, ile ambayo nilikuwa nawasimulia mama zao, nikamwambia mjukuu wangu haya, igeuze Kiingereza. Mwalimu akachomoa kalamu yake. Mke mwenzangu alikuwa kwenye sahani ya pili ya wali na samaki, mafuta yamemfika kidevuni. Akaniinulia mkono.

"Kesho, Bibi. Leo Kiingereza kimeisha. Chote nimempa yule mwalimu."

Na kweli, usiku ule hakutamka tena hata neno moja la Kiingereza.